Farasi Atatokea Mlango wa Nani

Queens, New York
8 Agosti 2004

Mama mpenzi,

Kabla ya lolote naomba baraka zako. Sisi huku wazima. Mgongo wa Fausto umepoa tangu alipoacha kazi ya ujenzi, na Emily ameng'oka meno mawili ya mbele, akicheka utadhani kikongwe. Wewe je? Goti bado linakusumbua? Zile soksi za sufu unazivaa, au umezifungia sandukuni pamoja na kila kitu ninachokutumia?

Mama, kaa chini kwanza. Umekaa? Karatasi zetu zimetoka. Baada ya miaka yote hii naweza kutoka na nikarudi bila kumwogopa mtu. Tunakuja Desemba, sote watatu, na tarehe ishirini na nne Emily atapanda farasi kwenye Msafara wa Mtoto Yesu kama nilivyopanda mimi: sketi ya kutariziwa, shela, kofia, na farasi aliyebebeshwa kuku wa kuchoma na mananasi na mikate mpaka masikio tu ndiyo yanaonekana. Nimemwahidi tangu ananyonya. Kila doli wake ameshapanda farasi huyo.

Kilichobaki ni mahali pa kufikia. Fausto anapekua mahoteli ya mji mkongwe kwenye kompyuta. Moja lilikuwa jumba la watawa, jingine lina chemchemi uani, na kila usiku anabadili mawazo. Nimemwambia aache. Mama Mdogo Lucrecia ametuandikia kwamba ametutengea kile chumba kikubwa cha uani, chenye bafu na maji ya moto. Mimi nimependa, maana ni ukuta tu utakaotenga kitanda chetu na jiko lako. Unasemaje?

Mwanao,
Nube


Cuenca, mtaa wa El Vado
27 Agosti 2004

Nube mwanangu,

Mungu akubariki wewe na mumeo, na ambariki Emilia wangu. Usinirekebishe. Hilo la Emily nimejaribu kulitamka mbele ya jirani, nikaonekana nina chakula mdomoni. Mimi nipo. Goti lina vituko vyake lakini kanisani linanifikisha, na vidole bado vinasuka kofia. Soksi nimezivaa mara mbili.

Nilikaa chini kama ulivyoniambia. Nikalia, nikamwashia Bikira mshumaa, nikacheka peke yangu jikoni kama mwendawazimu. Halafu nikasoma barua yako mara ya pili, nikasimama.

Kwa hiyo Lucrecia alijua kabla yangu.

Sasa nimeelewa. Juzi nilikwenda kununua mkate kule Todos Santos, mwuza mkate akanipokea kwa kelele: "Hongera, Bi Targelia! Binti anakuja!" Foleni nzima ikageuka. Nikaubana uso hivi, kama mtu aliyejua zamani. "Ahsante, ndiyo, anakuja. Nawe umesikia wapi?" "Kwa mdogo wako! Ameshanunua mashuka mapya." Mashuka, Nube! Mimi niliyekuzaa napewa habari zako na mwuza mkate, na habari zenyewe zimeshatandikwa kitandani.

Najua utakachosema. Yeye ana kompyuta ya wageni wake, ukiandika leo anasoma leo, na barua zangu mimi zinasafiri ndani ya kifurushi pamoja na simbilisi wa kuchoma. Simu siitaki. Kile kibanda cha simu kina mlango mwembamba kama karatasi, nikilia mtaa wote unajua nimelilia nini.

Babu yako alipokufa tuliikata nyumba katikati. Yeye akapata mbele: mlango mpana, roshani tatu, ua wa mawe. Mimi nikapata nyuma: jiko, shamba la mboga, na mlango wa uchochoroni. Nilisema kitu? Nilinyamaza. Leo huko mbele ametundika kibao cha nyumba ya wageni. Wazungu wanalala pale babu yako alipoanikia mahindi, na asubuhi wanampiga picha akikoroga kahawa kana kwamba kahawa ameivumbua yeye. Huyo ni mdogo wangu, lakini kwako naona amegeuka mkubwa.

Chumba chako kipo. Godoro nimeligeuza. Mtoto anatokea nyumba ya bibi yake, anavalishwa na bibi yake, na farasi anamngojea mlangoni pa bibi yake, si katikati ya watu wenye kaptura. Wewe umezaliwa hapa. Unajua watu wakiona mtoto juu ya farasi swali lao la kwanza ni moja tu: ametokea kwa nani?

Mama yako mzazi,
Targelia


Queens
18 Septemba 2004

Mama mpenzi,

Naomba baraka. Tuko salama, ila Emily amepata kikohozi, kile chake cha kila mwaka baridi ikianza. Simbilisi amefika, tumemla na mahindi ya kuchemsha. Fausto alinyonya mpaka kichwa.

Mama, umeanza. Sikumwambia Mama Mdogo kwanza kwa makusudi. Aliniandikia siku ileile karatasi zilipotoka, akiulizia mambo yake, nikamjibu. Basi. Wewe nilikuandikia wiki hiyohiyo.

Hebu tuongee kama watu wazima. Choo chako kiko uani, na Desemba mvua hainyamazi. Emily hajawahi kuoga kwa ndoo, na kifua chake ndicho hicho. Farasi naye, mwenye mananasi huku na kuku huku, akiingia uchochoroni kwako hageuki. Itabidi arudi kinyumenyume mbele ya watu wote. Kwa Mama Mdogo tutalala tu. Mchana kutwa tutakuwa jikoni kwako, na kumvalisha utamvalisha wewe. Kuna ubaya gani?

Usimwonee wivu mdogo wako, Mama. Mmezeeka mkiwa mmenuniana. Fausto anasema mkiendelea hivi atalipia hoteli, kila mtu akose.

Mwanao anayekupenda,
Nube


Cuenca
6 Oktoba 2004

Nube mwanangu,

Mungu akubariki. Mpe Emilia maji ya mdalasini na asali, na kifua mkande kwa mafuta ya nguruwe. Usimsikilize daktari wa huko. Mimi mzima.

Wivu? Mimi? Nimwonee Lucrecia nini, roshani? Nimecheka mpaka paka akakimbia. Kaeni kwake, mwanangu. Kaeni kwa raha zenu. Mimi ni mwanamke mzima, nitakuja asubuhi na kikapu changu, nitabisha hodi kwenye mlango wa baba yangu mwenyewe, na nikifunguliwa nitaingia.

Jambo moja tu, na silisemi kwa ubaya. Fundi aliyekuja kurekebisha bomba katika kile chumba chenu cha uani ameona moto wa bluu chini ya ukuta. Si mara moja, mara mbili. Sina haja ya kukueleza, umekulia hapa. Watu wa kale walifukia dhahabu yao, na dhahabu ikikaa sana ardhini hutoa hewa yake. Yeye alichokonoa plasta kidogo tu, akaanza kukohoa, akapelekwa kwao amelazwa nyuma ya gari, midomo myeusi kama zabibu. Wanasema hali chakula.

Lucrecia hawezi kukuambia, ana wageni wake. Usimwambie kwamba nimekuambia. Si kazi yangu kumharibia mtu riziki. Ila nilipofikiria mtoto mwenye kifua kama kile amelaza kichwa pale, nikaona nikinyamaza Mungu ataniuliza.

Mama yako,
Targelia


Queens
23 Oktoba 2004

Mama,

Nibariki, maana tangu barua yako ifike jana silali. Nilifikiri Fausto atanicheka, lakini hakucheka. Mjomba wake wa Sígsig alifukua kaburi la watu wa kale, akatapika vitu vya kijani, hakumaliza mwaka.

Lakini Mama, wewe mwenyewe! Huo ukuta si ndio wa jiko lako? Wewe unapika upande huu, moto wa bluu upande ule, na unaandika kana kwamba hewa inajua mpaka wa urithi! Ondoka humo. Usingoje Desemba.

Nisamehe, nimempigia simu Mama Mdogo. Sikuweza kumwacha alale hapo na wageni wake. Akaniuliza, "Fundi gani?" Nikamwambia yule wa bomba. Akasema ahsante mwanangu, nitashughulika. Nasikia amehamisha wageni wote na ameita watu wa kuchimba.

Kwa hiyo tumeamua. Tutafikia kwa mama yake Fausto, kwenye ile nyumba mpya ya saruji. Haina udongo wala dhahabu ya mtu. Bi Bertila amefurahi kupita kiasi. Ameshaagiza farasi mweupe, ameshaagiza sketi kwa watarizi wa Gualaceo, na amesema atamvalisha Emily kwa mikono yake kwenye lile geti la chuma lenye simba. Anasema na wewe uje ulale huko ukipenda. Chumba cha mfanyakazi kiko wazi.

Tafadhali nijibu haraka. Naogopa.

Mwanao,
Nube


Cuenca
7 Novemba 2004

Nube mwanangu,

Mungu akubariki. Mimi mzima. Mzima kabisa, usiogope.

Chumba cha mfanyakazi! Bertila! Mwanamke ambaye mimi namkumbuka anakuja na gunia la viazi mgongoni, leo ana simba getini na chumba cha kunilaza mimi mfanyakazi! Ngoja. Nitarudi kwa Bertila. Kwanza nikueleze yaliyotokea, kwa sababu ukiyasikia kwa Lucrecia atayapamba.

Jumatano, siku moja baada ya Siku ya Wafu, nilikuwa napasha ule uji wa zambarau uliobaki. Tangu asubuhi nilikuwa nasikia du, du, du, nikadhani ni Lucrecia anapigilia tena picha za makanisa kwa ajili ya wageni. Mara ncha ya sururu ikatokea ukutani juu ya jiko langu. Donge la udongo likaanguka chubwi ndani ya sufuria. Sururu ikarudi, ikatoka tena, tundu likawa la kupitisha kichwa cha mbuzi. Vumbi lilipotulia nikaona jicho. Jicho la Lucrecia.

"Targelia."

"Lucrecia." Hatukuwa tumeitana majina kwa miaka.

"Dhahabu iko wapi?"

"Dhahabu gani?"

"Hii inayowaka. Nimefukuza wageni wangu wote. Nimeleta wanaume watatu wa kuchimba na padre wa kunyunyiza maji. Padre amekunywa kahawa yangu, amekula na keki, amekwenda zake. Tumechimba tangu asubuhi, tumepata kijiko kimoja na mfupa wa mbwa. Haya, sema."

"Labda imehama."

"Imehama!" Wale wanaume nyuma yake wakaangua kicheko. "Na yule fundi mwenye midomo ya zabibu, naye kahama? Maana fundi wangu wa bomba yuko hapa, ndiye aliyeshika sururu, ila dhahabu ilinipofusha. Don Segundo, njoo umwonyeshe dada yangu midomo yako."

Akaja, akachungulia, akavua kofia. "Habari za asubuhi, Bi Targelia." Midomo mizima, na chakula anakula, alikuwa anatafuna.

Ningekuwa na pa kujificha ningejificha. Lucrecia akawatoa wanaume nje. Akabaki yeye na mimi na tundu.

"Ungesema unamtaka mtoto alale kwako," akaniambia. "Ungesema tu. Ningekuachia."

"Ungeniachia? Utaniachiaje kilicho changu?"

"Bado umeishika ile asubuhi."

"Nimeishika."

"Basi endelea kuishika," akasema, akaondoka, na uji wangu umejaa udongo.

Haya, mwanangu. Hewa haikuwepo. Niliitunga pale mezani nikinywa kahawa, na kila nilipomaliza sentensi niliona haijatosha nikaongeza nyingine. Kwamba ukuta ni uleule wa jiko langu, haki ya Mungu halikunijia. Mwenye wivu hana akili ya kukumbuka ukuta uko wapi. Ndiyo, wivu. Uliliandika neno hilo nami nikacheka. Ninao. Ninao mpaka unanikosesha usingizi.

Ulipoondoka ulimuaga yeye. Yeye ndiye aliyekufungia nguo, na koti ulilovaa lilikuwa lake. Mimi niliingia chumbani na kikombe cha maziwa nikakuta kitanda kimetandikwa. Hukuwahi kutandika kitanda maisha yako yote, Nube. Hapo ndipo nilipojua. Nikatoka uchochoroni, kikombe mkononi, nikamkuta Lucrecia amesimama pale kona na shela tu, hana koti, macho yamevimba. Alikuwa ameshalia, ameshamaliza, na mimi ndiyo kwanza naanza. Sikumwuliza kitu siku ile, wala ya pili yake, na ndivyo tulivyozeeka.

Sasa unarudi, na unataka kupitia kwake tena, au kwa Bertila, au hotelini kwa watawa. Njoo kwangu. Kama kuna mtu wa kwanza kukuona uso ukirudi, niwe mimi. Sina ombi lingine.

Mama yako,
Targelia


Queens
18 Novemba 2004

Mama,

Naomba baraka. Tuko wazima, kikohozi kimeisha.

Nimeisoma barua yako kwenye treni nikapitiliza kituo changu. Mama Mdogo amekosa wageni wa mwezi mzima kwa ajili ya mdomo wako, na hajaniambia neno hata moja baya juu yako. Mimi nilimtisha mtoto wangu. Fausto alimpigia simu shangazi yake kulia juu ya mjomba aliyekufa zamani. Wewe ulikuwa unakunywa kahawa.

Ile asubuhi nitakueleza mara moja tu. Ningekuaga wewe, nisingeondoka. Ungenishika mkono, na mimi ningebaki. Yeye nilijua ataniachia niende. Ndiyo sababu, hakuna nyingine. Sikuwa nimempenda zaidi.

Tutakaa kwa Bi Bertila. Fausto ameshawaambia ndugu zake. Leo sina nguvu ya kuandika zaidi.

Nube


Cuenca
28 Novemba 2004

Nube mwanangu,

Mungu akubariki, hata kama hukuandika "mwanao" pale chini. Nimetazama mpaka nyuma ya karatasi.

Umesema ningekushika mkono ungebaki. Maneno hayo nimetembea nayo sokoni, nimekwenda nayo misa. Ni matamu, sikatai. Lakini hayanitoshi, Nube, nikuambie ukweli. Yeye aliuona uso wako ukiondoka. Mimi niliona shuka.

Haya, kaeni kwa Bertila. Siku ya Msafara nitachukua kiti changu nikae ukingoni mwa barabara na watu wengine, upande wa kanisa la San Sebastián, kwa sababu farasi hupunguza mwendo pale. Mwambie Emilia atazame mwanamke mwenye shela nyekundu. Akinipungia, sawa. Asipopunga usimlazimishe, atakuwa ameshika hatamu.

Kwa Lucrecia nilikwenda. Nilimpelekea kuku nikamsaidia kutoa udongo uani, yeye anachota kwa koleo, mimi nashika gunia. Hatukusema mengi. Tundu bado liko wazi, kila mmoja anamngoja mwenzake alipe fundi. Nikipika ananusa. Juzi akapitisha bakuli tupu, bila hodi. Nikalijaza nikamrudishia. Mgeni mmoja Mjerumani amerudi, anapenda kuja kuchungulia jikoni kwangu na kunipiga picha. Lucrecia anamfukuza. Anasema huyo ni dada yangu, si jumba la makumbusho.

Mama yako,
Targelia


Queens
4 Desemba 2004

Mama yangu,

Naomba baraka zako, na soma hii peke yako, mlango umefungwa.

Bi Bertila anatungoja Jumatatu tarehe ishirini. Wote wanajua hiyo ishirini. Lakini nimebadili tiketi. Tunafika Jumamosi tarehe kumi na nane. Kutoka Guayaquil tutapanda basi la usiku, na kabla ya saa kumi na mbili asubuhi tutakuwa uchochoroni kwako. Fausto amekubali. Alininunia siku mbili, kisha akasema mama yake atapata mjukuu mwingine wa kumvalisha dada yao akizaa, mwacheni bibi wa watu.

Tutalala kwako mpaka mwisho. Maji ya ndoo na yote. Emily ameshafanya mazoezi, ameoga kwa sufuria, ameona ni mchezo. Sketi itatoka kwa Bi Bertila, nimeshamwahidi, lakini vifungo utavifunga wewe, na farasi akishindwa kugeuka atarudi kinyumenyume. Watu wacheke.

Cuenca nzima hakuna anayejua. Mama Mdogo naye sijamwandikia. Safari hii ni wewe peke yako, Mama.

Mwanao, mwanao, mwanao,
Nube


Cuenca
13 Desemba 2004

Nube mwanangu,

Mungu akubariki wewe na uliotoka nao na unaokuja nao. Mimi mzima, ila moyo unanienda mbio tangu barua yako ifike Ijumaa.

Nilifanya ulivyosema. Nikafunga mlango, nikasoma, nikaiweka kifuani, nikatoka. Nikutajie dhambi yangu? Nilipita mbele ya mlango wa Lucrecia mara nne bila haja yoyote. Anafagia, hajui. Ananisalimu, hajui. Nikaenda kwa mwuza mkate nikanunua mikate mingi kuliko kawaida. Akauliza kuna nini, nikasema njaa tu. Shingo yangu ilikuwa ndefu kama ya bata. Raha niliyoisikia siku mbili hizo sijawahi kuisikia, na ni raha mbaya, mwanangu, wala sikuijutia.

Jana jioni akapitisha bakuli lake. Akauliza tu, kama mtu anayeuliza mvua: "Nube ameandika?"

Nikasema, "Hapana."

"Hata mimi hajaniandikia," akasema. "Atakuwa amenikasirikia kwa yale ya simu." Nikamjazia bakuli, akalichukua. Nikamwona kupitia tundu amekaa na kijiko mkononi, hali. Supu ikaganda juu. Mimi nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Nikamwita. "Lucrecia. Ile safari ya Nube. Ulijua tangu lini?"

Akaweka kijiko chini. "Siku tatu kabla."

"Ulikaaje nayo?"

"Sikukaa nayo. Nilikuja mlangoni kwako mara mbili nikakuambie. Mara ya kwanza nikarudi nilipofika kona. Mara ya pili ukafungua kabla sijabisha, ukaniuliza, unataka chumvi? Nikasema ndiyo."

Ile chumvi naikumbuka, Nube. Nilimmiminia kiganja kizima, na moyoni nikasema, huyu naye kila siku kuomba. Alikuwa amesimama pale na siri yako mdomoni, na mimi nikampa chumvi nikafunga mlango.

"Nilikuwa na chumvi tele," akasema Lucrecia.

Basi nikamwambia. Jumamosi, basi la Guayaquil, kabla ya saa kumi na mbili. Nisamehe. Uliniachia kitu nilichokuwa nakitaka miaka yote, nacho kimenishinda siku mbili. Alipiga yowe mpaka Mjerumani akatoka na taulo. Kisha akaanza kukimbia huku na huku, anatafuta blanketi, anahesabu mito, anauliza mtoto anakunywa maziwa au chokoleti, nikamkumbusha kwamba wageni ni wangu.

Mtu wa vifurushi anasema barua hii huenda ikakukosa, mtakuwa mmeshapanda ndege. Ikikukosa, utajua mwenyewe ukifika. Ukibisha tutakuwa wawili. Yeye ataleta maji ya moto kupitia tundu la ukuta, amejitolea. Lakini mlango nitafungua mimi, na nimemwambia wazi, naye amekubali: mimi nitasimama mbele.

Mama yako,
Targelia